Vigae vya Estelle Bado Viko Chini ya Kitanda

Saa tatu asubuhi, kwenye nyumba mpya mlimani Mbuya, Anselme anaweka vigae akiwa ameketi sakafuni, mguu wa kulia kaunyoosha mbele. Kila akimaliza kigae, anajisogeza kwa makalio. Fundi wa vigae asiyepiga magoti, jamani, umemwona wapi?

Zamani alimaliza mita kumi na tano kwa siku. Siku hizi ni tano, na mwenye nyumba ameanza kuguna.

Mkongomani huyu wa miaka hamsini na mmoja alikuja Kampala akitokea Bunia, yeye na mkewe, Estelle. Miaka kumi na minane amepiga magoti kwenye saruji. Mwaka jana goti la kulia likavimba, likawa laini kama chungwa bovu. Mafundi wenzake wakamwambia ni maji ya saruji yameingia mwilini, lazima yatolewe. Akachukua sindano, akajitoboa.

Goti likatunga usaha, akalazwa hospitalini wiki tatu. Huko ndiko daktari alikomweleza kwamba kila mtu ana kifuko chenye ute mbele ya goti, kinachokinga ngozi isisuguane na mfupa. Chake kilikuwa kimevimba kwa kukandamizwa tu. Kilihitaji kupumzishwa.

"Kumbe yale maji yalikuwa ya kwangu," anasema. "Yalikuwa yananichunga, na mimi nikayatoboa."

Wiki ya pili ya kulazwa kwake, Estelle alifariki ghafla kwa shinikizo la damu. Anselme alifika mazikoni kwa mkongojo, akashindwa kupiga magoti kando ya kaburi. Hilo linamuuma kuliko goti lenyewe.

Kuna na jingine. Chumba chao cha kupanga mtaani Namuwongo kina sakafu iliyochimbika. Estelle aliomba vigae miaka nenda miaka rudi, naye akamjibu wangoje mpaka wapate nyumba yao wenyewe. Hata hivyo alimwekea vigae vilivyobaki kazini, kimoja kimoja, chini ya kitanda. Vimefika thelathini na vinne, rangi hazifanani.

Sasa ni vya kaburi. Rafiki yake Oloya, fundi pia, alijitolea kuviweka, Anselme akakataa. Daktari ameonya kwamba goti likivimba tena, kifuko kitakatwa. Anangoja kidonda cha goti kikauke kabisa, labda baada ya Pasaka. Kisha ataacha ufundi, auze vitenge.

"Nimepiga magoti kwenye nyumba za watu wasiojua hata jina langu," anasema, akilipapasa goti. "Imebaki mara moja. Hiyo ni ya Estelle."