Mkono Nilioufunga kwa Leso

Nawasalimu nyote mlioketi, na ninyi mliosimama pale mlangoni. Mimi ni Ndinda, mama Mutuku. Mchungaji amenipa dakika kumi niseme Mungu alivyonitendea. Nitasema, lakini sitalia. Machozi yangu niliyamaliza hospitalini.

Mume wangu alipofariki aliniachia watoto watatu, mama yake, na pikapu kuukuu. Betri haikushika chaji na mlango mmoja tuliufunga kwa waya. Shemeji yangu Kioko akaniambia, "Mama Mutuku, hii gari uza. Mwanamke na barabara ya mawe, wapi na wapi?" Nikamwambia nitaiuza siku punda wake atakapobeba mapipa sita ya maji kwa safari moja. Nikajifunza kuendesha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kiangazi kimekaza, nami nilichota maji Makindu nikapeleka vijiji vya ndani. Watoto wangu walikula kwa pikapu hiyo.

Kuiwasha ilikuwa kwa hendeli. Unaingiza chuma pale mbele ya injini, unazungusha kwa nguvu, na injini ikikataa inakirudisha kwa kishindo. Kila dereva wa magari ya zamani anajua: shika kwa wepesi, kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake, ili hendeli ikirudi mkono utoke. Hata mimi nilijua.

Siku hiyo injini ilizima katikati ya mto wa mchanga, saa saba mchana, mama mkwe akiwa amekaa ndani. Hendeli ilikuwa imeshinda juu ya mapipa, juani, na kuishika ilikuwa kama kushika sufuria iliyotoka motoni. Nikafungua leso kiunoni, nikaizungusha kwenye hendeli na kiganja changu cha kulia pamoja, nikapiga fundo kwa meno. Mama mkwe akachungulia dirishani. "Mwana wakwa, mwanangu, mbona unajifunga pamoja na gari?" Nikamjibu, mwaitu, mama yangu, mambo ya gari niachie mimi.

Hendeli ikarudi. Mkono haukutoka, maana nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Nilisikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu, na nilipotazama, mkono ulikuwa umejikunja mahali pasipo na kiungo.

Watu waliokuwa wakichimba maji mchangani walinipandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Walitaka kunipeleka hospitali, nikakataa. Nilijua Kioko angesema nini. Nikafika nyumbani, nikaufunga mkono kwa vijiti na leso ile ile, nikaikaza sana. Siku ya pili vidole vilivimba. Siku ya nne viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi, na mama mkwe alipovidunga kwa mwiba sikuhisi kitu. Siku ya tano ilikuja harufu. Nawaambia wazi, nilikuwa naogopa mdomo wa shemeji kuliko kifo, na huo ulikuwa ujinga. Mama mkwe akanusa, akatoka nje, akamwita Kioko. Kioko huyo huyo alinibeba mgongoni mpaka barabarani, na hakusema neno.

Daktari alifungua leso, akavigusa vidole kimoja kimoja. "Mama, umechelewa. Tutakata hapa," akasema, akagusa chini ya kiwiko.

"Daktari, vidole vilivyokufa ni vingapi?"

"Viwili."

"Basi kata viwili. Hivi vingine vimekosa nini?"

Akanitazama. "Nitatoa hivyo viwili nisafishe. Lakini homa isiposhuka kufikia kesho asubuhi, sitakuuliza tena. Nitakata nikuokoe."

"Sawa. Kesho tutaonana."

Homa ilinitetemesha mpaka kitanda kikalia. Usaha ulitoka, wa kijani. Mama mkwe alinikanda kwa kitambaa cha maji, akiomba kwa Kikamba bila kupumzika. Asubuhi daktari alikuja na kipimo, akakisoma, akakisoma tena. Homa ilikuwa imeshuka. Wakaunga mfupa, wakaweka plasta, nikakaa nayo wiki nane.

Niliporudi nyumbani nilikuta pikapu imekokotwa na ng'ombe kutoka mtoni, na Kioko na mnunuzi wa vyuma vikuukuu wakiizunguka. Akaona haya. "Mama Mutuku, si ubaya. Lakini vidole vitatu vitashika usukani kweli?"

Nilichukua hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba pamoja na wenzake. Mara ya kwanza ilirudi kwa kishindo, na mkono ukatoka. Mara ya pili ikarudi tena. Mara ya tatu injini ikanguruma, na yule mnunuzi akavaa kofia yake akaenda. Nikamwambia Kioko, "Sasa panda. Kuna watu wanangoja maji." Akapanda. Ni yule pale nyuma, anacheka.

Namshukuru Mungu, na namshukuru mama mkwe aliyeuliza swali zuri nikamnyamazisha. Wewe uliyevunjika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usijifiche. Aibu haijawahi kuunga mfupa wa mtu. Na wakikuambia umekwisha, waulize ni sehemu gani hasa iliyokwisha, halafu utumie iliyobaki.

Nusu yenu leo nimewaleta mimi, kwa vidole hivi vitatu. Pikapu iko nje. Hendeli iko chini ya kiti. Leso iko begani, mahali pake.