Upande wa Mashariki wa Uwanja

Puu. Kimya kidogo. Kisha puu tena. Niliusikia mpira ukipigwa ukutani kabla sijaona kiumbe, na ilikuwa saa saba mchana, siku ya Ijumaa, khatibu yuko juu ya mimbari na mji mzima wa Amu unamsikiliza. Usiniambie niliota. Mtu haoti akiwa amesimama juani na ndoo ya chokaa mkononi.

Nilikuwa msimamizi wa vibarua walioukarabati uwanja wetu. Pale tumeswali Idi, tumeshindanisha punda, tumecheza mpira peku mpaka kucha zikang'oka, na wanasiasa wamekuja pale kutuahidi nyasi. Hatimaye nyasi zilikuja, na jukwaa, na vyumba vya kubadilishia nguo.

Kabla ya kuufungua, wazee walitaka ng'ombe azungushwe uwanja mzima kwa dua, kisha achinjwe ili maskini wapate nyama. Ndiyo desturi yetu, ili kila upande ukingwe kwa jina la Mungu. Lakini upande wa mashariki nilikuwa nimerundika nondo na mawe, na kuyahamisha kungenila siku nzima. Nikamwambia Mwalimu aliyeongoza dua, "Pande tatu zatosha, Mwalimu. Ng'ombe mwenyewe hajui kuhesabu."

Vibarua walicheka. Yeye hakucheka. "Ng'ombe hajui," alisema. "Wewe wajua."

Basi Ijumaa ile vibarua walikwenda msikitini, mimi nikabaki kupiga mistari, kwa kuwa mechi ya ufunguzi ilikuwa kesho yake. Ndiyo, niliiacha Jumaa kwa ajili ya chokaa. Nikaufuata mlio hadi upande wa mashariki. Mtu mmoja aliyevaa jezi iliyopauka alikuwa amenipa mgongo, akiupiga mpira ukutani, nao kila mara ulirudi mguuni pake.

"Bwana fundi," alisema bila kugeuka, "yeo Ijumaa. Huswali?"

"Na wewe je?"

"Mimi nina ruhusa." Akacheka taratibu. "Uwanja mzuri. Nani atateza upande huu kesho?"

Nilidhani ni mchezaji wa timu ngeni aliyekuja kutupeleleza, nikataka kumtia hofu. Wewe usingejisifu? "Ndugu yangu Omari," nikamwambia. "Winga wa kushoto. Mtakiona."

"Omari wa nani?"

Nikamtajia baba.

"Na mamake?"

Hapo kila mtoto wa Amu angenyamaza. Nani hutaka jina la mama yako ila mtu wa kukuagua au wa kukuangamiza? Niamini, nililijua hilo, na ulimi ulikuwa umeshalitoa.

"Ahsante," alisema. "Mumeniwatia upande huu wazi, bila dua, na sasa mumenipa na mtu."

Ndipo nilipotazama chini. Alikuwa amesimama juu ya mstari wangu mbichi, na chokaa haikuwa na alama hata moja. Nilipoinua macho, palikuwa na ukuta tu.

Sikumwambia Omari. Ningemwambia nini? Kesho yake, dakika ya kumi, alimpita beki wao upande wa mashariki, akaanguka kama nguo iliyodondoka kambani. Watu walimzomea wakidhani anajiangusha. Mimi nilikaa jukwaani, nikijua. Hospitali walisema kiharusi, kwa mtoto wa miaka kumi na tisa. Mkono wa kushoto, mguu wa kushoto, nusu ya mdomo.

Nimezungusha ng'ombe mwingine pande zote nne. Hakuna kilichorudi. Mwaka mzima nimemlisha Omari uji, naye kila kijiko hunishukuru.

Wewe unayejenga, dua usiikate nusu kwa uvivu wako. Na jina la mama yako liache kifuani, hata anayeuliza awe mpole namna gani.

Juzi nilimweleza Omari yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipokuwa jukwaani," akasema polepole, "ulijua?"

"Nilijua."

Akachukua fimbo yake. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akaukwepa. Ilimchukua muda mrefu kuvuka ukumbi, kisha akauvuta mlango nyuma yake kwa mkono wake mzima, ukafungika.