Damu Niliyomficha Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na mimba yangu ya kwanza, nilipokaribia kupoteza miguu hii kwa ajili ya aibu.

Mimi tangu utoto nikikwaruzwa kidogo, damu haikatiki. Jino liling'olewa, nikalowesha kanga siku tatu. Nilipoolewa kutoka Magu kuja Kiseke, mama akanionya, "Ukifika kwa watu, hiyo damu yako usiitaje. Watasema tumewapa binti mbovu." Nikafunga mdomo. Hata kliniki sikusema.

Siku ya kujifungua, mtoto akawa amelala vibaya tumboni, ikabidi nipasuliwe. Mtaalamu wa usingizi, kijana mpole, akaja kitandani na karatasi zake.

"Mama, tutakuchoma ganzi mgongoni, uwe macho umsikie mtoto akilia. Umewahi kutoka damu nyingi?"

"Hapana." Nilijibu haraka, maana mama mkwe alikuwa amesimama pale na beseni.

"Wewe!" akasema. "Juzi ulijikata ukiparua magamba ya sato, ukajifunga vitambaa hadi kesho yake, ukavizika nyuma ya choo. Unadhani mimi kipofu? Daktari, usimsikilize huyu. Damu yake haigandi."

Kijana akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba damu ikivujia mgongoni ndani isikatike, inabana mishipa ya fahamu, na mtu anaweza asitembee tena. Basi hawakunichoma. Walinilaza usingizi kabisa, damu ya kuniongezea ikiwa tayari kando, na niliihitaji.

Nilipozinduka, mama mkwe alikuwa amempakata mtoto. Nikaanza kulia, nikamwomba asinirudishe kwetu.

"Nikurudishe? Na huyu nani atamnyonyesha, mimi?"

Mama yangu simlaumu, alinipenda kwa namna aliyoijua. Lakini kila nikitembea kwa miguu hadi Buswelu, namshukuru yule mwanamke aliyeniumbua mbele ya daktari.

Kwa hiyo ukienda kupasuliwa, sema. Sema ulivyotoka damu ulipong'olewa jino, au ulipotahiriwa. Ndiyo, nanyi wanaume, acheni kujikaza. Taja dawa unazomeza, na za mitishamba pia. Ganzi ya mgongoni imewafaa wengi, siisemi vibaya. Ila daktari ndiye wa kuamua kama itakufaa wewe, naye hawezi kuamua juu ya kitu ulichomficha.

Mungu akupe damu inayojua kukatika. Na kama hakukupa hiyo, akupe mama mkwe asiyenyamaza.