Mvua ya Kikapu Kimoja

Miaka mitatu hakuna lori lililotushinda. Nasema "sisi" ingawa mimi nilikuwa mchuma majani tu, na kiti cha lori lile sikukikalia hata siku moja. Mume wangu ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa na matanboi wawili, wasaidizi wake wa lori, watu wazima wenye ndevu, na ukiwaona wale watatu wakifunga minyororo kwenye magurudumu ungedhani ni mtu mmoja mwenye mikono sita.

Ilikuwa miaka ya thelathini, nzige wameshapita, na chai ya Kericho bado changa. Sisi tulitoka Kisii tukapewa nyumba kwenye laini, safu ya nyumba za vibarua, ukuta kwa ukuta na Wajaluo. Kila mwaka mashamba yalikuwa na siku ya michezo. Wazungu walikimbiza farasi asubuhi, na baada ya chakula yakakimbizwa malori. Lori linatoka kiwandani, linateremka mpaka mtoni, linapakia kuni za bwela, tanuri la mvuke la kiwanda, linarudi kwa barabara ya mlima. Atakayefika kwanza na kuni zake zote ndiye mshindi, na watu wa shamba lake wanapewa fahali.

Tulikuwa na desturi yetu. Walioshinda wanakula fahali, lakini kwato nne wanawapelekea walioshindwa wapike supu. Hukatai. Ukikataa utaimbwa mwaka mzima. Miaka mitatu mimi mwenyewe nilizibeba zile kwato kichwani, nikavuka daraja mpaka shamba la ng'ambo, nikawaambia wanawake wa huko, "Mama zangu, chemsheni sana, ni ngumu kama roho zenu." Nilifurahia. Sitadanganya.

Mbio zile hazikuwa za mwendo. Malori yote yalikuwa mazee. Zilikuwa mbio za minyororo. Mlima ule ni udongo mwekundu, ukinyeshewa unateleza kama mrenda, na bila minyororo hupandi. Lakini ukiifunga barabara ikiwa kavu, inakuchelewesha, tena inakatika. Na mahali pa kuifunga ni pamoja tu, chini ya mlima penye mawe, maana ukishaingia kwenye matope jeki inazama. Kwa hiyo ukifika kwenye mawe lazima ujue: mvua ni sasa, au bado?

Bwana wa zamani, Mzungu aliyesimamia shamba letu, alimwachia mume wangu uamuzi huo. "Wewe nashika usukani, wewe najua," alisema. Na mume wangu alijua kwa sababu alikuwa ameoa mchuma majani. Mvua ya Kericho sisi tunaijua. Mchana upepo unatoka msituni. Ukigeuka ghafla ukaanza kuja kutoka upande wa ziwa, una kikapu kimoja. Maana yake, tangu upepo ugeuke mpaka tone la kwanza, mwanamke mwenye mikono mizuri anajaza kikapu kimoja. Hata jua liwake namna gani, hesabu ni hiyo. Upepo ukigeuka tulijifunika magunia kichwani tukaendelea kuchuma. Basi siku ya michezo tulisimama juu ya barabara, na mume wangu akifika kwenye mawe alitutazama tu. Tukiwa na magunia, anafunga minyororo. Tukiwa vichwa wazi, anapita.

Halafu bwana wa zamani akarudi kwao, akaja mwingine, kijana. Huyu alisema kwao alikuwa akishindana kwa yale magari madogo yanayolia kama nyuki, na sisi tulishinda kwa bahati tu, hatukuwa na mpango. Akaleta mpango. Ulikuwa ni saa ya kuning'iniza shingoni, kitabu, na bendera mbili. Karani angesimama juu ya mlima na bendera. Nyekundu, funga minyororo. Nyeupe, pita. Dereva asitazame kitu kingine.

Mwaka wa kwanza wa bendera tulipewa nyekundu na hakukunyesha hata tone. Mnyororo ukakatika katikati ya mlima ukawa unapiga madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, kama mtu anayegonga debe. Tukashindwa. Mwaka wa pili bwana akaogopa nyekundu, akatoa nyeupe, na mvua ikatukuta kwenye kona. Tukashindwa tena. Miaka miwili wanawake wa ng'ambo walivuka daraja na kwato. Aliyezileta mwaka wa pili aliziweka mlangoni kwangu hasa, akasema, "Mke wa dereva, tumewaletea na chumvi, tumesikia huku kwenu mambo ni magumu." Nikasema asante. Ungefanya nini?

Mwaka wa tatu bwana akamwambia mume wangu, akishindwa tena usukani atapewa mwingine. Mume wangu hakulala njaa kwa maneno hayo, lakini alianza kulisugua lori kila Jumapili kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Usukani ule ndio uliomtoa kwenye jembe. Watu walimwita dereva hata akiwa msalani.

Mimi nikaenda ofisini. Karani alitaka kunifukuza, nikamwambia, "Ndugu yangu, fungua mlango, sikuja kukuchumbia." Nikamweleza bwana habari ya upepo na kikapu. Karani akatafsiri. Bwana akafungua kitabu, akauliza kikapu kimoja ni dakika ngapi.

"Mwambie inategemea mikono ya mchumaji," nikasema.

Karani akacheka kwanza, kisha akatafsiri, na bwana naye akacheka. "Anasema hawezi kuandika hiyo, mama," karani akaniambia. Nikarudi kuchuma.

Nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba, usitazame kitambaa. Nitazame mimi."

"Nikikutazama wewe nitafukuzwa."

"Na ukitazama kitambaa utashindwa, halafu utafukuzwa. Chagua."

Akatoka kwenda kulisugua lori.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali mpaka Wazungu walikaa chini ya turubai. Malori yalikuwa mtoni yakipakia kuni wakati upepo ulipogeuka. Nilijifunika gunia, na wanawake wote wa laini yetu wakajifunika. Watu wa ng'ambo wakatuona. Hawakuwa wajinga, miaka yote walikuwa wanatutazama. Lori letu likatangulia kutoka mtoni, likafika kwenye mawe. Juu ya mlima karani akapepea nyeupe.

Mume wangu akasimama. Nilipoliona lile lori limesimama, moyo wangu ukajaa. Matanboi wakaruka chini, minyororo ikalia kwenye mawe, gurudumu la kulia likawa tayari. Hapo bwana akateremka mbio, kofia mkononi, anaanguka anainuka. "Toa. Toa hiyo. Jua iko, hapana ona jua?" Mume wangu akanyoosha kidole kwetu. Bwana hata hakugeuka.

Wakaitoa. Kitu cha kufunga mara moja walikifunga na kukifungua. Lori la ng'ambo likafika nyuma yao, likasimama pale pale, na vijana wake wakaanza kufunga minyororo bila haraka, huku wakitusalimia sisi wanawake. Letu likapanda bila minyororo. Lilipofika katikati ya mlima, tone la kwanza likanipiga mkononi. Kabla hata sijalifuta likaja la pili, na mlima ukawa umeshalowa. Lori letu likapanda hatua kumi, likarudi kumi na mbili, likageuka ubavu, kuni zikamwagika mtaroni. La ng'ambo likapita pembeni polepole, kama mzee anayekwenda kanisani.

Bwana akaja palipokuwa lori, maji yanamtiririka puani. "Nani nasema simama kule?"

Nilikuwa karibu, nilisikia yote. Mume wangu angeweza kusema ni mke wangu. Angeweza kusema ni wewe uliyetuamuru kutoa minyororo. Akasema, "Ni mimi, Bwana. Niliona mvua."

"Wewe hapana mvua. Wewe dereva." Akachukua hendeli ya kuwashia lori mkononi mwake akampa tanboi mkubwa.

Mume wangu akapelekwa kupasua kuni za bwela. Hakulalamika, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Mimi nililalamika kwa ajili ya wawili.

Mwaka uliofuata, siku chache kabla ya michezo, yule tanboi, sasa dereva, akaja kwetu na sukari kwenye karatasi. Aliona haya kunitazama. "Shemeji," akasema, "ile hesabu yenu ya upepo, unaihesabuje?"

Nikamwambia aende akaulize ofisini, huko ndiko kuna watu wanaojua. Nikamrudishia sukari yake. Akaondoka. Mume wangu akaweka shoka chini akamfuata, nikawaona wamesimama njiani, mume wangu anaonyesha ziwa, anaonyesha msitu, anafanya mikono kama ya mtu anayechuma. Alimweleza yote. Mpaka namna ya kumwendea bwana na kumwambia ili adhani wazo ni lake, alimfundisha.

Wakashinda. Nyekundu ilitolewa jua likiwaka, mvua ikafuata, na bwana akapigiwa makofi chini ya turubai kwa mpango wake. Mume wangu alikuwa kando ya barabara, mikono ina ngozi ngumu ya shoka, anapiga makofi kuliko wote.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Kwa nini ulimwambia?"

"Lori ni lile lile," akasema.

Sikumpikia siku hiyo. Alikula kwa Mjaluo jirani yetu, na kupitia ukuta nilimsikia akisimulia ile kona ya mwisho, jinsi ilivyopandwa, tena na tena, kana kwamba aliyeshika usukani ni yeye.