Kwa Nini Imelda Alizimia Botini

Nilitoka Mbinga kwa sababu ya simu moja. Mdogo wangu Imelda, aliyeolewa Liuli, alikuwa amezimia mara mbili ndani ya boti ya mumewe wakipeleka usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay. "Kaka, njoo," alininong'oneza. "Nadhani wifi ananiwekea kitu kwenye chakula." Mimi huwaza mabaya haraka. Nilichemsha mayai, nikafunga viazi, nikaapa kutogusa sufuria ya mtu.

Basi liliteremka milimani, mashamba ya kahawa yakabaki juu, joto likapanda. Njia nzima nilimhukumu Tekla, yule wifi, ingawa nilimwona siku ya harusi tu. Mbamba Bay nikachukua pikipiki.

Liuli nilipokelewa vizuri mno, nikazidi kushuku. Tekla alileta ugali na samaki wa kuchoma. Nikasingizia tumbo. Akaondoa sahani. Naye shemeji Edwin, mume wa Imelda, alicheka kila nilipouliza kuhusu mkewe.

"Ni mawimbi tu, shemeji. Hajazoea."

"Miaka yote hii?"

Akabadilisha mazungumzo.

Asubuhi tuliondoka na boti, Edwin akiendesha, Tekla akabaki nyumbani. Upepo ulikuwa baridi, kwa hiyo mimi na Imelda tukashusha turubai, tukakaa ndani, jirani na injini. Nilikuwa nimekula mayai yangu tu. Hatukufika mbali, kichwa kikaanza kunigonga. Nikamtazama Imelda: macho yalikuwa yanajifumba. Nikainua turubai, nikamburuta kwenye hewa, nikapiga kelele injini izimwe.

Alipozinduka, nilimwambia Edwin afunue ubao chini ya kiti nione injini, maana sumu haikuwa kwenye mayai yangu. Mpira wa ekzosi, unaopeleka moshi nje, ulikuwa umekauka, umeungua, umepasuka, moshi ukivujia tulipokaa.

"Mbona nyuma moshi unatoka mkavu?" nikauliza. "Boti za jirani zako zinatema maji pamoja na moshi."

Aliushika ule mpira uliopasuka.

"Maji ya kupooza yalikuwa yanarudi kwenye injini," akasema. "Nikayaondoa kwenye ekzosi, nikayatoa ubavuni mwa boti. Sikujua ndiyo yanayopooza mpira."

"Na mkeo alipozimia?"

"Nilihisi ni moshi, nikaogopa mtasema nimetaka kumuua."

Tulirudi Liuli kwa makasia. Imelda alikwenda moja kwa moja jikoni kwa Tekla. Sikusikia walichosema, nilisikia Tekla akilia.

Fundi kutoka Mbamba Bay alifunga mpira mpya wa ekzosi, akaupandisha na kuupinda kona juu ya usawa wa ziwa ili maji yasirudi kwenye injini. Yale ya kupooza akayaingiza baada ya kona hiyo, yatoke nyuma pamoja na moshi. Turubai haishushwi tena injini ikiwaka.

Siku niliyopanda basi kurudi Mbinga, nilikuwa nimejifunza kwamba nilimtafuta mwenye nia mbaya hadi nikakaribia kufa kwa kitu kisicho na nia. Imelda hapandi boti kabla ya kusimama nyuma na kuona maji yakitoka na moshi. Edwin humsubiri. Hathubutu kumharakisha.