Hodi Kwenye Chumba cha Mwisho

Hapa Deira, huku ughaibuni, nikipita penye duka la manukato na kunusa marashi ya waridi, miguu yangu haitulii. Namshukuru Mungu, naendelea kutembea.

Nyumba moja ya mji wa machimbo ya dhahabu kwetu ilinukia hivyo. Ilikuwa danguro, baadaye ikafanywa makumbusho. Bibi alinipeleka nikiwa mdogo. Dada yake aliishi humo mpaka kufa, na bibi hakuwahi kumtembelea akiwa hai.

Mlinzi alitupitisha katika vyumba vyenye vitanda vya chuma. Kwenye chumba cha mwisho, cha dada yake, bibi alisimama mlangoni.

"Hodi," akasema.

Mlinzi akacheka. "Pita tu, mama. Wenyewe walishakufa."

"Siingii kwa mtu sijakaribishwa."

Akabisha mara ya pili. Nilikuwa nikihangaika, nikimvuta kanga tuondoke. Dini ilitufundisha kwamba hodi ya tatu isipojibiwa, unarudi ulikotoka. Akabisha ya tatu, akangoja, kisha akageuka. Akanishika mkono tuondoke.

Nikamponyoka, nikaingia ndani, nikasimama kando ya kitanda.

"Karibu," nikasema.

Bibi akavua viatu.