Pale Pumzi ya Fundi Inapokomea

Watu wakiniuliza habari za Fundi siku hizi, huuliza kwa sauti ya chini, kama wanaoulizia mgonjwa mahututi. Mimi nawajibu kwa sauti ya juu makusudi. Fundi mzima, yupo, anashona. Asiyeamini aje aone pindo zake.

Mimi ni mpiga pasi wake, mwaka wa kumi na saba huu. Chumba chetu kina dirisha moja. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu iko upande wa mwanga, meza yangu ya pasi iko ukutani, na katikati kuna kamba ya kutundikia nguo. Yeye anashona, mimi nanyoosha, na mdomo wangu haufungiki hata kwa kufuli. Yeye ni mwanamke wa maneno machache, wala si kwa adabu tu. Ana pumu tangu utotoni, na sentensi ndefu kwake ni mlima.

Miaka tisa iliyopita pumu ilimlaza hospitali wiki mbili. Huko daktari wa mazoezi ya viungo akamfundisha kupumua upya, mtu mzima na mvi zake: vuta kwa pua taratibu, toa kwa mdomo taratibu zaidi, hesabu. Alirudi kazini na hesabu zake, moja, mbili, tatu, nne, mpaka siku moja akaniambia, "Dada, namba hizi zinanichosha. Hazinijui." Basi akaziondoa namba akaweka Neno. Alichukua ile zaburi ya mchungaji ambayo kila mtoto wa kanisa anaijua. Akivuta, "Bwana." Akitoa, "mchungaji wangu." Na mguu kwenye pedali ukawa unakwenda na mstari huo huo.

Ila pumzi yake ilikuwa fupi kuliko mstari. Kila mara ilimwishia pale pale. "Bwana... mchungaji..." halafu kimya, mkono kifuani, anatafuta hewa ya neno la mwisho. Mimi nilivyo sina subira, nikawa nammalizia nikiwa kwenye pasi yangu: "Wangu!" Anacheka, anaendelea kushona. Ikawa ndiyo mazoea yetu. Anaanza yeye, namalizia mimi, miaka nenda rudi, mpaka wateja wakadhani tuna wazimu.

Kisha akaja mwalimu wa yoga kupunguziwa suruali. Mwanamke mpole, mwembamba, akikaa chini utadhani hana mifupa. Alimwona Fundi anavyopumua akamwonyesha namna ya kufungua kifua: kunyoosha mikono, kuinama, kulala chali. Fundi hakuzunguka mbuyu. Alimuuliza, "Haya mambo yana mungu wake?"

"Yalikotoka, wapo wanaoomba kwayo," mwalimu akajibu. "Mimi nafanya kwa ajili ya mgongo wangu. Wewe mwombe Mungu wako."

Fundi alikaa na jibu hilo wiki nzima, akafunga, akaomba, ndipo akakubali. Majina ya kigeni hakuyataka, akayapa mazoezi majina ya kazi yetu. Mikono juu ikawa kutundika joho. Kuinama ikawa kuokota sindano. Kulala chali ikawa kitambaa mezani. Na kila zoezi akaliwekea mstari wake wa Biblia, uvutwe na utolewe polepole. Mwaka ule hakulazwa hata siku moja. Uliofuata pia.

Sasa nimlete wifi yake, dada wa mumewe. Nitamwita Katibu, maana ndiye katibu wa umoja wa akina mama kanisani na hajawahi kuacha mtu asahau. Mume wa Katibu alipofariki, Katibu alikosa usingizi miezi minane. Alikonda akabaki macho. Fundi akamleta chumbani kwetu, akamlaza kwenye mkeka katikati ya meza na cherehani, akampumulisha. Haikupita robo saa, Katibu anakoroma mpaka pini zinacheza kwenye kopo. Nilimfunika joho la kwaya nililokuwa nimetoka kulinyoosha. Alipoamka alilia, akamshika Fundi mikono yote miwili.

"Wifi, umenirudishia uhai. Sitakusahau mpaka naingia kaburini."

Yashike maneno hayo, tutayahitaji.

Ni Katibu huyo huyo aliyeomba chumba cha Shule ya Jumapili kanisani, ili Fundi awapumulishe na wengine, kila Alhamisi alasiri. Fundi akashona mikeka ishirini kwa mabaki ya mapazia, akaitia sponji ndani, akaizungushia pindo kama anawashonea mabibi harusi. Wakaja wenye migongo, wenye presha, wenye misiba. Nami nilikuwemo. Wakitoka pale walikuwa wanatembea kama watu waliotua mizigo.

Siku moja mzee mmoja wa kanisa alichungulia dirishani akaona wanawake kumi na tisa wamelala chali, macho wamefumba, kimya. Kufikia Jumapili habari ilikuwa imeota pembe na mkia. Eti kuna mashetani yanaitwa kati ya viti vya watoto. Wazee wakaitisha kikao. Kabla ya siku yenyewe Fundi akapewa mawili achague: asimame mbele ya kanisa lote atubu na kuapa kwamba hatafanya tena, popote, hata kwake, au aondolewe kwenye Meza ya Bwana.

"Nitubu nini?" aliniuliza. "Kupumua?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kanisa lile ndimo alimobatizwa, ndimo alimoolewa, na kila joho lililoimba mle ndani lilipita chini ya sindano yake. Kukaa benchi la nyuma akitazama wenzake wakienda mezani kulimtisha kuliko pumu. Na kuapa asingeweza, kwa sababu kiapo kingemrudisha kitandani hospitali. Kilichoweza kumwokoa kilikuwa kimoja tu: mtu aliyekuwemo chumbani asimame aseme kwamba mle lilisemwa Neno, wala si kingine.

Katibu akaja kwetu siku ya kuamkia kikao. Akakaa kwenye kiti changu, akanywa chai yetu. "Wifi, wala usihangaike. Mimi ndiye nitakayesimama."

Na kweli alisimama, na daftari lake mkononi. Akasema tuliambiwa tuondoe mawazo yote kichwani ili kitu kiingie. Akasema kila mkao una jina la siri. Akasema yeye mwenyewe aliingiwa na usingizi usio wa kawaida, akaamka hajijui, amefunikwa vazi. Jamani! Vazi! Joho la kwaya, nimelinyoosha mimi kwa mikono yangu! Na hiyo siri yenyewe ni kuokota sindano! Damu ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Nilijua anaogopa, maana chumba aliomba yeye na moto ulikuwa unamwendea yeye. Lakini hofu gani inamfanya mtu ampe mwenziwe aliwe ili yeye apite? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na sisi nguo ndiyo kazi yetu na hatukuona.

Mwenyekiti wa wazee akauliza, "Kuna aliyekuwemo mwenye neno tofauti?"

Fundi akageuka. Hakumtazama Katibu. Alinitazama mimi.

Sasa sikieni, na mkinicheka nichekeni. Mimi, mwenye mdomo usiofungiki, ninayegombana na kondakta kwa sababu ya kiti, na muuza nyanya kwa sababu ya nyanya moja, niliinamisha kichwa nikaangalia viatu vyangu. Binti yangu alikuwa anafunga ndoa kanisani mle baada ya wiki tatu. Tangazo la kwanza lilishasomwa. Nilijiambia nitasema akiuliza mara ya pili. Hakuuliza mara ya pili.

Fundi akasimama mwenyewe. "Nilivuta jina la Bwana," akasema. "Siwezi kutubu kwa sababu ya..." Hewa ikamwishia. Mkono ukaenda kifuani. Chumba kizima kikamsubiri, na hakuna aliyemmalizia. Mwenyekiti akasema, "Andika, amekataa." Katibu akaandika.

Gauni la harusi la binti yangu alilishona nani? Yeye. Alipiga magoti kwenye sakafu akalipima pindo, pini mdomoni. Siku ya harusi alikaa benchi la nyuma. Wengine walipoinuka kwenda mezani, yeye alikunja kitambaa chake cha mkono kikawa kidogo, kikawa kidogo zaidi.

Miezi mitano ikapita. Alhamisi moja nikapeleka majoho kanisani, nikasikia sauti chumba cha Shule ya Jumapili. Mlangoni karatasi imebandikwa: Pumzi na Neno, kwa baraka za mchungaji, kiongozi Katibu wa akina mama. Nilichungulia. Wanawake kama arobaini. Mbele wamelalia mikeka yetu ile ile ya mapazia, nyuma wamelalia khanga. Katibu anatembea katikati, mikono nyuma, sauti tamu kama asali.

"Vuteni. Bwana. Toeni. Mchungaji. Sasa shikeni, mkono kifuani, msivute, msitoe. Hapa ndipo mahali pa siri pa utulivu. Haya. Wangu."

Wanawake arobaini wenye mapafu mazima kama mivukuto ya mhunzi, wote wameganda pale pale, mkono kifuani, wanangoja. Pale! Pale Fundi anapoishiwa! Katibu alikuwa ameiba kila kitu, mpaka ugonjwa, na hakujua kwamba ni ugonjwa.

Nilirudi mbio. Nilimweleza Fundi yote, nikaigiza, nikatembea mikono nyuma, nikaganda na mkono kifuani. Alicheka. Mara ya kwanza tangu kikao, alicheka mpaka machozi, mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi, akashika pampu yake ya pumu akavuta mara mbili.

"Wewe niachie," nikasema, nimepamba moto. "Jumapili nasimama mbele ya wote. Nasema kila kitu. Namvua nguo yule!"

Akairudisha pampu mfukoni.

"Bintiyo kishaolewa," akasema.

Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua. Nikaomba msamaha. Nikalia kweli, pasi ikaunguza mkono wa shati la mteja. Akaniambia nisilie juu ya nguo za watu. Akarudi kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye pedali, akafumba macho.

"Bwana..."

Pedali ikaenda.

"Mchungaji..."

Hewa ikamwishia, mkono ukaenda kifuani, nami nikafungua mdomo kama nilivyoufungua miaka yote. Akanyanyua kidole, bila kufumbua macho. Nikaufunga. Nilisimama pale na pasi mkononi, nikamsikiliza anavyoitafuta hewa, kidogo, kidogo, kwa muda mrefu kuliko kikao kile, mpaka akaipata.

"Wangu," akasema mwenyewe, na akaendelea kushona.